Hisa za BHP: gawio linashuka, P/E inaonekana ndogo. Tupime vipi?

MwekaAkiba_Kla:

Wakuu, salaam. Klabu yetu ya uwekezaji hapa Kampala ina hati fungani za serikali na hisa kidogo za MTN Uganda na Stanbic. Soko la Hisa la Uganda halina kampuni kubwa ya madini, kwa hiyo tunaiangalia BHP, kampuni kubwa ya madini ya Australia, kupitia New York.

Nimekusanya gawio lake kwa kila hisa, mwaka wa fedha ukiishia 30 Juni: 2016 senti 30 za dola, 2021 dola 3.01, 2022 dola 3.25, 2023 dola 1.70, 2024 dola 1.46, 2025 dola 1.10. Nusu ya wanachama wanasema gawio linaloshuka miaka mitatu mfululizo ni kampuni inayooza. Nusu nyingine wanasema uwiano wa bei kwa faida (P/E) ni mdogo kuliko wa kampuni za teknolojia, basi hisa ni rahisi na tununue. Hoja zote mbili naziona zina tundu, ila sijui nianze kupima wapi. Naomba hesabu jamani, si ushabiki. Na mwenye kujua upande wa kodi kwa mkazi wa Uganda naye aseme.

Hesabu_Ntinda:

Kwanza rekebisha kipimo chako. Takwimu ulizoweka ni za hisa moja ya kawaida. New York unanunua ADR (hati ya benki inayowakilisha hisa za kampuni ya nje), na ADR moja ya BHP ni hisa mbili. Kwa hiyo gawio la 2025 kwa unachonunua ni dola 2.20, na la 2022 ni dola 6.50. Tovuti nyingi za bure huchanganya hivyo viwili. Nyingine hujumlisha kwenye 2022 thamani ya hisa za Woodside ambazo BHP iliwagawia wanahisa wake Juni 2022 ilipojitoa kwenye mafuta na gesi. Hiyo itoe, haikutokana na uendeshaji wa migodi.

Sasa P/E. Chukua bei ya mfano, dola 55 kwa ADR, kisha iweke kwenye miaka miwili tofauti. Mwaka 2022 faida ya msingi (kabla ya gharama zinazoitwa za mara moja) ilikuwa dola bilioni 23.8. Hisa ni bilioni 5.07 hivi, kwa hiyo ni dola 4.70 kwa hisa na 9.40 kwa ADR. P/E ni 5.9, gawio asilimia 11.8. Mwaka 2025 faida ya msingi ilikuwa dola bilioni 10.2, yaani dola 4.00 kwa ADR. P/E ni 13.8, gawio asilimia 4. Bei ni ileile na migodi ni karibu ileile. Aliyenunua kwa kuvutiwa na "asilimia 12" alilipwa dola 3.40 mwaka uliofuata, karibu nusu ya alichotarajia.

Ndiyo maana kwenye madini P/E ndogo kabisa hutokea bei ya madini ikiwa kileleni: soko limeshajua faida itashuka, ila mahesabu ya mwaka uliopita bado yanang'aa. Bondeni ni kinyume chake. Mwaka wa fedha wa 2016 BHP ilitangaza hasara ya dola bilioni 6.4, na Desemba 2015 tani ya madini ya chuma ilikuwa imeshuka chini ya dola 40. P/E ya wakati huo haikuwepo kabisa, na ndicho kipindi hisa zilikuwa rahisi kweli.

Gawio kushuka si kuoza. Hadi Februari 2016 kampuni ilikuwa na sera ya kutopunguza gawio, ikashindwa kuibeba. Tangu hapo inalipa angalau asilimia 50 ya faida ya msingi kila nusu mwaka. Rio Tinto, mshindani wake, iliacha sera kama hiyo mwezi uleule, sasa inalenga asilimia 40 hadi 60. Faida ikishuka, gawio linashuka nayo. Usilipime kama la benki.

Badala ya P/E ya mwaka mmoja, jenga faida yako mwenyewe kutoka kwenye bei ya madini. Kwa chuma cha Australia Magharibi ni hesabu ya kalamu na karatasi: tani milioni 255 hivi kwa mwaka, sehemu ya BHP. Gharama ya uzalishaji ni dola 18 hivi kwa tani. Mrabaha wa serikali ya jimbo ni asilimia 7.5 ya mauzo. Weka bei waliyopata 2025, dola 82: toa 18, toa mrabaha wa 6, inabaki 58, zidisha kwa milioni 255, unapata EBITDA (faida kabla ya riba, kodi na uchakavu) ya dola bilioni 14.8. Kampuni ilitangaza bilioni 14.4 hivi kwa kitengo hicho, kwa hiyo kanuni inafanya kazi.

Sasa ivunje. Bei ikishuka hadi dola 60, unapoteza dola 22 kwa tani, kasoro mrabaha ambao nao unapungua, yaani dola 20.35. Zidisha kwa tani milioni 255: bilioni 5.2. Ondoa kodi ya Australia ya asilimia 30, faida halisi imepungua kwa bilioni 3.6, au dola 1.43 kwa ADR. Kutoka 4.00 umebaki na 2.57, na wakilipa nusu yake gawio ni dola 1.28. Kwa bei ya 55 hiyo ni asilimia 2.3. Hapo klabu ijiulize kama bado ingetaka hisa hizo. Dola ya Australia huwa inashuka chuma kikishuka, na gharama nyingi za BHP ziko kwenye sarafu hiyo, kwa hiyo pigo halisi huwa dogo kidogo. Mimi nafuu hiyo siiwekei thamani, naiacha iwe ziada.

Jambo jingine: faida "ya msingi" na faida ya vitabuni. Mwaka 2024 ya msingi ilikuwa bilioni 13.7, ya vitabuni 7.9. Tofauti kubwa ilitokana na kushusha thamani ya nikeli ya Australia Magharibi na gharama za Samarco, mgodi wa Brazil ambao bwawa lake lilipasuka. Kampuni za madini hupenda kuita hasara kama hizi za mara moja. Zinapojirudia kila miaka michache si za mara moja tena. Jumlisha faida ya vitabuni ya miaka kumi, gawanya kwa kumi, na uone inavyopungukiwa na ile ya msingi.

MiambaKasese:

Hesabu ya chuma hapo juu ni safi. Shaba ina mitego zaidi, na ndiyo inayokua: mwaka wa 2025 BHP ilivuka tani milioni 2 za shaba, na shaba ilichangia karibu nusu ya EBITDA.

Mtego wa kwanza ni Escondida, Chile. BHP ina asilimia 57.5, Rio Tinto 30, Wajapani 12.5. Lakini kwa kuwa BHP ndiyo inayouendesha, mahesabu yake yanaonyesha mgodi wote kwa asilimia 100, tani milioni 1.3 za 2025 zikiwemo. Ukizidisha tani zote kwa bei ukadhani ni zako, umejipa asilimia 42.5 ya watu wengine. Kwenye chuma ni kinyume: ripoti moja inaandika tani milioni 255 (sehemu ya BHP), nyingine 290. Hiyo kubwa ni mgodi mzima pamoja na washirika. Kila unapokutana na tani, soma maandishi madogo chini ya jedwali.

Mtego wa pili ni akiba ya ardhini. Ripoti ina majedwali mawili: rasilimali ya madini, na akiba inayochimbika kwa faida. La kwanza linasema mwamba upo na unaweza kuchimbika siku moja. La pili linasema umepimwa, mpango wa mgodi upo na kwa bei waliyokadiria unalipa. Tathmini kwa la pili tu. Mtu wa Kasese haelezwi tofauti hii mara mbili: Kilembe, mgodi wetu wa shaba, ilisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980 na mwamba wenye shaba ukabaki chini. Gawanya akiba kwa uzalishaji wa mwaka upate umri wa mgodi, kisha uangalie safu ya kiwango, yaani asilimia ya shaba ndani ya mwamba. Escondida kiwango kinapungua kadiri shimo linavyoshuka. Mwamba wa asilimia 1 ukigeuka wa 0.8, unasaga na kubeba robo zaidi ya mawe kupata shaba ileile, kwa umeme, maji na dizeli zaidi. Ndiyo sababu kampuni imepanga kumwaga zaidi ya dola bilioni 10 Chile miaka ijayo, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni ya kuzuia uzalishaji usiporomoke. Usiihesabu kama ukuaji.

Hapo ndipo nawaomba msimamie zaidi, kwenye matumizi ya mtaji, kwa sababu wanahisa wa madini hupoteza fedha huko kuliko kwenye bei. Mfano wa karibu nasi: 2011 Rio Tinto ilinunua Riversdale, yenye makaa ya mawe Tete, Msumbiji, kwa karibu dola bilioni 3.7. Mpango ulitegemea kushusha makaa kwa mashua kwenye mto Zambezi. Kibali cha mashua hakikupatikana, reli haikutosha, na makaa yanayochimbika yakawa pungufu ya yaliyodhaniwa. Januari 2013 waliandika hasara ya bilioni 3 hivi kwa mradi huo peke yake, mkurugenzi mkuu Tom Albanese akaondoka, na 2014 wakauza kwa dola milioni 50. Jiolojia ilichangia, lakini usafiri ndio uliowaua. Kwa hiyo ukisoma kuhusu mradi mpya, uliza mzigo unafikaje baharini kabla ya kuuliza kiwango cha madini.

Kwa BHP ya leo mradi wa kuufuatilia ni Jansen, potashi (madini ya mbolea), Saskatchewan huko Kanada. Awamu ya kwanza ilipitishwa 2021 kwa dola bilioni 5.7. Julai 2025 makadirio yakapanda hadi kati ya 7.0 na 7.4, na uzalishaji wa kwanza ukasogezwa hadi katikati ya 2027. Gharama zikipanda robo kabla ya gunia la kwanza kuuzwa, punguza faida inayotajwa kwenye mradi huo kwenye jedwali lako. Mimi awamu ya pili ningeipa thamani ya sifuri hadi ya kwanza itembee.

Na mabwawa ya tope la mgodi. Novemba 2015 bwawa la Fundão la Samarco, Brazil, kampuni ya nusu kwa nusu kati ya BHP na Vale, lilipasuka na kuua watu 19. Makubaliano ya Oktoba 2024 na serikali ya Brazil yana thamani ya reali bilioni 170, yakihesabu na fedha zilizokwishatumika, na malipo yanaendelea kwa miaka 20. Kesi nyingine iko London, ambako Novemba 2025 mahakama iliamua BHP inawajibika, na fidia inafuata kuamuliwa. Fedha hizi hazionekani ukitazama deni halisi (mikopo ukitoa fedha taslimu) peke yake.

MwekaAkiba_Kla:

Nashukuru sana wote. Nimejaribu hatua inayofuata na jibu limenitia shaka. Kwa dola 55, thamani ya kampuni sokoni ni 27.50 mara bilioni 5.07, yaani bilioni 139. Nikaongeza deni halisi la Juni 2025, bilioni 12.9, nikapata 152. EBITDA ni 26. Uwiano ni 5.8. Mbona rahisi hivi? Na je, gawio la 2025 lilitoka kwenye fedha halisi au kwenye mkopo?

Hesabu_Ntinda:

5.8 ni rahisi kwa sababu juu umeweka thamani ya wenye BHP tu, chini ukaweka faida ya watu wote. EBITDA ya 26 ina Escondida nzima. Una njia mbili. Ama utoe asilimia 42.5 ya EBITDA ya Escondida kule chini (jedwali la kila mgodi liko kwenye taarifa ya matokeo), ama uongeze juu thamani ya hisa za washirika kwa bei ya soko. Usitumie ile thamani yao iliyoko kwenye mizania, ni ya kihistoria na ni ndogo mno. Mimi napendelea njia ya kwanza, haina kubahatisha.

Kisha ongeza juu madeni ambayo hayaitwi madeni: fungu la kufunga migodi na kurudisha ardhi, ambalo ni mabilioni ya dola, na fungu la Samarco. Ukimaliza, uwiano utakuwa umesogea juu vya kutosha kuondoa neno "rahisi". Halafu uulinganishe na wa kampuni hiyohiyo katika miaka mingine, au na Rio Tinto iliyopimwa kwa namna ileile. Kulinganisha na kampuni ya programu hakukupi kitu, kwa sababu mgodi unakula mtaji kila mwaka ili ubaki pale ulipo.

Kuhusu gawio: fedha zilizobaki baada ya matumizi yote zilikuwa bilioni 5.3 mwaka 2025. Gawio la dola 1.10 mara hisa bilioni 5.07 ni bilioni 5.6. Halikufunikwa, kwa tofauti ndogo. Ila ndani ya matumizi hayo kuna karibu bilioni 2 za kununua nusu ya mradi wa shaba wa Vicuña mpakani mwa Argentina na Chile. Bila ununuzi huo lilifunikwa. Kinachonisumbua zaidi ni mwelekeo: deni halisi lilikuwa bilioni 0.3 Juni 2022, 9.1 Juni 2024, 12.9 Juni 2025, na kampuni yenyewe imepandisha kiwango inachokiona cha kawaida kutoka bilioni 5–15 hadi 10–20. Kwa kampuni ya ukubwa huu si hatari leo. Lakini nafasi ya gawio nono wakati chuma kikiwa dola 60 inapungua.

Dalali_wa_Kodi:

Upande wa kodi nitapita haraka, ni mfupi kuliko watu wanavyodhani.

Gawio la BHP limelipiwa kodi ya kampuni kikamilifu Australia, kwa hiyo asiye mkazi wa huko hakatwi kodi ya zuio. Na kwa kuwa si kampuni ya Marekani, Marekani nayo haina cha kukata hata kama umenunua New York. Jaza fomu W-8BEN, ya kuthibitisha kuwa wewe si wa Marekani, kwa dalali wako (klabu iliyosajiliwa kama kampuni hujaza W-8BEN-E) na gawio la kwanza likiingia kagua mstari wa kodi: unatakiwa kusoma sifuri. Ada ndogo ya benki inayotunza ADR ni kitu kingine, hiyo ni halali. Rio Tinto ya London nayo haikatwi, ila ununuzi wa hisa zenyewe London una ushuru wa asilimia 0.5. Freeport-McMoRan na Newmont ni za Marekani: asilimia 30 inakatwa, maana Uganda haina mkataba wa kodi na Marekani. Barrick ni ya Kanada, asilimia 25.

Uganda hapa, mkazi hutozwa kodi kwa mapato ya dunia nzima. Gawio la MTN Uganda linakatwa asilimia 10 na mambo yameisha, la nje halina mteremko huo. Linaingia kwenye ritani yako ya URA (mamlaka ya mapato) na kutozwa kwa viwango vya kawaida, asilimia 30 ukishavuka shilingi milioni 4.92 kwa mwaka, na klabu ikiwa kampuni ni asilimia 30 moja kwa moja. Kodi uliyokatwa nje unaweza kuidai kama punguzo, kwa hiyo tunza vithibitisho. Mwaka wa kodi unaishia 30 Juni, ritani mwisho ni 31 Desemba.

Kwa hiyo ile asilimia 4 inabaki 2.8 mkononi. Hati fungani ya serikali ya miaka 10 na zaidi inakatwa asilimia 10 tu ya riba, na riba yenyewe imekuwa zaidi ya asilimia 15. Kama lengo la klabu ni mapato ya kila nusu mwaka, ssebo, mjadala umekwisha hapo. Sababu ya kushika BHP ni kuwa na mali ya dola iliyofungwa kwenye shaba na chuma.

Na programu za simu zinazotangazwa hapa mjini mara nyingi huuza CFD, si hisa. Hapo humiliki chochote. Unabeti juu ya bei na kulipa ada kila usiku unaolala nayo. Ukiona neno "leverage" (mkopo wa kukuza dau) karibu na kitufe cha kununua, funga.

Dhahabu_Bunia_Road:

Kwa nini msinunue Barrick? Kibali iko hapo tu ng'ambo ya Arua, dhahabu imepanda, na hakuna habari za China kila wiki.

MiambaKasese:

Kibali ni mgodi mzuri, ila Barrick ina asilimia 45 tu, AngloGold Ashanti 45 na serikali ya Kongo kupitia SOKIMO 10. Ukaribu na Arua haumpi mwanahisa kitu. Kwa dhahabu kipimo ni gharama yote ya kudumisha mgodi kwa wakia (AISC), ambayo kampuni zimekuwa zikiitangaza tangu 2013. Tazama kama inapanda sambamba na bei, maana mrabaha, dizeli na mishahara hufuata dhahabu juu. Kisha pima nchi. Januari 2025 Barrick ilisimamisha Loulo-Gounkoto, Mali, baada ya serikali kuchukua dhahabu yake, na mvutano ukaendelea hadi makubaliano ya Novemba. Mgodi mmoja mkubwa kutoipa Barrick dhahabu karibu mwaka mzima ni hatari ambayo jedwali la P/E halionyeshi. BHP mapato yake makubwa yako Australia na Chile.

China haikwepeki ukiwa na chuma, kweli. Inanunua zaidi ya theluthi mbili ya madini ya chuma yanayosafirishwa kwa bahari. Na upande wa ugavi kuna Simandou ya Guinea iliyoanza kusafirisha mwishoni mwa 2025, ikilenga tani milioni 120 kwa mwaka itakapokomaa, chuma cha asilimia 65 hivi wakati bei ya rejea kwa miaka mingi ilikuwa ya asilimia 62. Kwa hiyo ile hesabu ya dola 60 ya Hesabu_Ntinda msiifanye kwa ajili ya kujitisha tu. Iwekeni kama mstari wa kudumu kwenye jedwali.

MwekaAkiba_Kla:

Nimeelewa. Nitatengeneza safu tatu, chuma dola 60, 80 na 100, nitoe sehemu ya washirika wa Escondida, na gawio liwe nusu ya faida kwenye zote. Niyapitie lini yasichakae?

Hesabu_Ntinda:

Ripoti ya uzalishaji hutoka Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Hapo sasisha tani na bei waliyopata. Matokeo ya fedha ni Februari na Agosti: sasisha gharama kwa tani, deni halisi na mafungu. Kwenye gharama kwa tani soma pia kiwango cha dola ya Australia walichotumia, kimeandikwa pembeni. Ukisahau hicho utadhani mgodi umekuwa ghali kumbe ni sarafu. Na ukitaka gawio la Agosti lazima uwe umenunua kabla ya tarehe ya kuondolewa haki ya gawio, ambayo huwa mapema Septemba. Ukinunua siku hiyo yenyewe, anayelipwa ni aliyekuuzia.